Maazimio ya Mwaka kwa Mtengenezaji Filamu Huru wa Mombasa: Namna ya Kuyaandika Yakatendeka

Kila ifikapo Januari, vijana wanaotengeneza filamu bila kampuni wala mfadhili nyuma yao huniuliza maswali yale yale: niache kazi za harusi? Ninunue kamera mpya? Nihamie Nairobi? Nitapata wapi muda wa kuandika filamu yangu mwenyewe? Nimeyajibu barazani, kwenye simu, na mara moja ndani ya feri ya Likoni huku tukisukumwa na mikokoteni, na kwa kuwa kila mara jibu huwa refu kuliko safari, nimeona heri niliandike hatua kwa hatua. Mwongozo huu haufundishi kuongoza waigizaji wala kushika kamera. Unaeleza namna ya kuandika maazimio ambayo Desemba utaweza kuyatia alama ya vema au ya kosa bila kubabaisha.

Ninapotumia neno azimio hapa, nakusudia jambo ambalo waweza kulitenda wewe mwenyewe, kwa tarehe inayojulikana, hata kama mwaka mzima hakuna mtu atakayekupigia simu. Lisilotimiza sharti hilo ni dua. Omba dua zako kama kawaida, ila usiziandike katika daftari hili.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari la karatasi lenye mistari. Simu haifai, kwa sababu ndiyo inayoleta kazi za watu na kukutoa kwenye yako.
- Taarifa ya M-Pesa ya miezi 12 iliyopita, pamoja na ya benki ikiwa unayo.
- Kalenda mbili, ya kawaida na ya Kiislamu, hata kama wewe si Mwislamu. Sababu yake utaiona katika hatua ya nne.
- Diski zako zote za kuhifadhia picha, zikiwa juu ya meza moja.
- Siku mbili za utulivu. Usichague tarehe 1 Januari, maana siku hiyo bado una usingizi wa harusi za Desemba. Wiki ya pili yafaa zaidi.
- Mtu mmoja atakayekuwa shahidi wako.

Hatua ya 1: Uhesabu mwaka uliopita kwa siku

Chora safu tano: tarehe, kazi, siku zilizotumika, pesa iliyoingia, na pesa ambayo bado iko kwa mteja. Pitia taarifa ya M-Pesa mstari kwa mstari na ujaze. Kazi hii inachosha na huchukua takriban asubuhi nzima, lakini hakuna hatua nyingine yoyote inayosimama bila hiyo.

Nilipofanya hesabu hii kwa mara ya kwanza, niligundua kwamba harusi niliyoisifu mwaka mzima kuwa ndiyo iliyonilipa vizuri kuliko zote ilikuwa imenila siku 19. Tatu zilikuwa za kupiga picha na 16 za kuhariri, kwa sababu familia ya bibi harusi iliirudisha video mara nne, na mara ya mwisho kosa lilikuwa kwamba shangazi mmoja hakuonekana akicheza. Nilipoyagawanya malipo kwa siku hizo, nilikuta nimepata chini ya fundi aliyekuwa akipiga plasta nyumba ya jirani yangu mtaani Tudor, naye alikuwa akienda zake nyumbani saa kumi.

Tahadhari: Wengi huhesabu siku za kupiga picha peke yake. Hesabu pia siku za kuhariri, za kupeleka diski, za kufuatilia malipo, na ile siku uliyokwenda Mtwapa kwa mkutano ambao ungetosha kuwa ujumbe wa simu.

Hatua ya 2: Ujue mwezi wako unagharimu kiasi gani, kisha utafute siku za filamu

Jumlisha kodi ya nyumba, chakula, nauli, umeme, intaneti na unachopeleka kwa wazee. Tuseme jumla ni shilingi 38,000 kwa mwezi, yaani 456,000 kwa mwaka. Tuseme tena kwamba hatua ya kwanza imekuonyesha kuwa siku moja ya kazi ya kulipwa hukuachia shilingi 4,000 baada ya nauli, wasaidizi na chakula. Gawanya: unahitaji siku 114 za kazi ya watu ili uishi. Mwaka una siku 365. Ukitoa 52 za mapumziko zinabaki 313, na ukitoa zile 114 zinabaki 199. Punguza nusu kwa ajili ya misiba, magonjwa, kutafuta wateja na kutengeneza vifaa. Umebakiwa na siku kama 100.

Hizo 100 ndizo siku unazosema kila mwaka kwamba huna. Usiache harusi, basi, zihesabu. Ukishajua unahitaji siku 114, unaweza kumwambia mteja wa siku ya 115 kwamba umejaa, au umtajie bei ya kumfanya afikirie upya. Na ikiwa hesabu yako imetoka bila siku yoyote ya kubaki, tatizo lako la mwaka huu ni bei unayotoza, wala si kipaji, na azimio la kwanza liwe kuipandisha.

Hatua ya 3: Andika yote unayoyatamani, kisha ufute yaliyo mikononi mwa wengine

Jaza kurasa mbili bila kujizuia. Kisha pita na kalamu nyekundu ukijiuliza mbele ya kila sentensi: nani anaamua? Ikiwa anayeamua ni jopo la waamuzi, mfadhili, kituo cha televisheni au watazamaji, ifute au uigeuze. "Nishinde tuzo ya Kalasha" igeuke kuwa "Nikamilishe filamu fupi ya dakika 12 na kuituma kwenye matamasha manne kabla ya tarehe 30 Septemba." "Nipate mfadhili" igeuke kuwa "Niandike pendekezo la kurasa tano lenye bajeti na kulipeleka mahali sita kabla ya mwisho wa Juni." Yakibaki zaidi ya matano, punguza mpaka yawe matatu ya kazi na mawili ya maisha.

Tahadhari: Azimio linaloongoza kwa kuandikwa ni "Ninunue kamera." Sikukatazi, lakini kabla ya hapo sikiliza kazi zako tatu za mwisho ukiwa umefumba macho. Katika mji huu wa tuktuk, feni za dari, honi za matatu na majenereta, filamu nyingi za wanaoanza huharibika sauti kabla ya picha, na maikrofoni nzuri ya kubana kwenye nguo, iliyofunikwa kizuia upepo, hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya kamera.

Hatua ya 4: Uyapange maazimio kwa majira ya Mombasa

Hapa ndipo maazimio mengi hufia. Kijana huandika "Machi: kupiga picha" kwa sababu aliona ratiba ya mtu wa nchi yenye majira mengine, kumbe Machi yake imeangukia Ramadhani au joto linalozimisha kamera. Fungua kalenda zote mbili na utie alama mambo haya.

Kwanza, mvua. Masika hapa huanza karibu na mwisho wa Machi au Aprili, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Vuli huja Oktoba na Novemba, nayo ni nyepesi. Usipange kupiga picha nje mwezi wa Mei isipokuwa hadithi yenyewe inataka maji.

Pili, pepo. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi hivi na kuleta joto kali. Kusi hushika kuanzia Aprili au Mei na kuichafua bahari. Kama filamu yako ina jahazi, ngalawa au mazungumzo ufukweni, waulize wavuvi kabla ya kumuuliza mpigapicha, kwani upepo wa kusi hula kila neno linalosemwa pwani.

Tatu, Ramadhani, ambayo hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mwezi huo harusi husimama, mji hupoa mchana na kuamka baada ya futari. Kwangu ni mwezi wa kuandika na kuhariri: kati ya tarawehe na daku kuna saa kadhaa ambazo hakuna mteja anayepiga simu. Mara tu mwezi ukiandama, Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, huja na msururu wa harusi, kwa hiyo andika mapema kwamba hizo ni wiki za kutafuta pesa na usijilaumu kwa kutoigusa filamu. Wiki za mwisho kabla ya Ramadhani zina msongamano huo huo. (Mabinti wanaoshika kamera wana neema hapa: sherehe za wanawake hazimruhusu mpigapicha mwanamume, na wapigapicha wanawake bado hawatoshi.)

Nne, mwanga. Tuko takriban digrii nne kusini ya ikweta, kwa hiyo jua la mchana hukaa utosini na kuyatia macho ya watu vivuli vyeusi. Muda wa kazi ni kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, kisha saa kumi jioni hadi jua kuzama. Utusitusi wetu ni mfupi, kiasi cha dakika 20 hivi, na atakayeagiza chai wakati huo ameukosa. Vichochoro vya Mji wa Kale vina nafuu: ukuta wa upande mmoja wa Ndia Kuu ukipigwa na jua, upande wa pili hupata mwanga laini ambao hata taa za kukodi hazitoi.

Tano, adhana. Mara tano kwa siku sauti itaingia katika kila maikrofoni mjini. Ama simamisha kazi mpaka iishe, ama iache iwe sehemu ya tukio tangu mwanzo hadi mwisho. Ukikata sentensi ya mwigizaji katikati ya adhana, kila sikio la Pwani litajua.

Mimi, baada ya miaka ya kubahatisha, hupiga picha Julai. Joto limepungua, mvua kubwa zimepita, na shida pekee ni upepo.

Hatua ya 5: Uikate filamu moja katika miongo

Wazee wetu mabaharia na wakulima walikuwa na mwaka wa jua ulioanza Siku ya Mwaka, au Nairuzi, na waliuhesabu kwa miongo ya siku kumi kumi: miongo 36, na siku tano za ziada. Kwa mwongo walijua lini watweke tanga na lini wapande. Nimeukopa mtindo huo kwa sababu mwezi ni mrefu mno kwa mtu asiye na bosi, na wiki ni fupi mno kwa mtu mwenye harusi kila Jumamosi.

Kwa filamu fupi ya dakika 12, mgao wangu ni huu: miongo minne ya kuandika mswada na kuusoma kwa sauti na watu, miwili ya kutafuta mahali, waigizaji na vibali, mmoja wa kupiga picha, minne ya kuhariri, miwili ya sauti na rangi, mmoja wa kuandika tafsiri chini ya picha na kutuma. Jumla ni miongo 14, yaani siku 140. Si kila siku itakuwa ya filamu, bali ukipata sita katika kila kumi utakuwa umetumia siku 84 kati ya zile 100 za hatua ya pili, na umebakiwa na 16 za dharura.

Kuhusu kutuma: anza na Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ambalo liko jirani na hufanyika katikati ya mwaka. FESPACO, tamasha la filamu za Afrika la Ouagadougou, Burkina Faso, huja kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, kwa hiyo ipange mapema na utayarishe tafsiri ya Kifaransa. Kwa hesabu za Oscar filamu fupi haizidi dakika 40 pamoja na majina ya mwisho, lakini wapangaji wa matamasha hupata nafasi ya dakika 12 kwa urahisi zaidi kuliko ya 35.

Tahadhari: Usiiweke filamu YouTube siku ulipoimaliza ili marafiki waione. Matamasha mengi hutaka filamu ambayo haijaonyeshwa hadharani. Watumie kiungo chenye nywila.

Hatua ya 6: Andika azimio moja la karatasi

Liwe fupi: "Mwaka huu sitapiga picha bila karatasi." Ndani yake mna mambo manne.

Mapatano ya maandishi na mteja, hata akiwa binamu yako, yakieleza arbuni ya nusu kabla ya kazi na marekebisho yasiyozidi mawili. Hoteli moja ya pwani ya kaskazini iliniahidi malipo "mwisho wa mwezi" kwa mdomo, na miezi minane baadaye meneja alikuwa amebadilika na mpya hakunijua.

Leseni ya kupiga filamu kutoka Bodi ya Uainishaji wa Filamu, kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Fort Jesus iko chini ya Makavazi ya Taifa na ina taratibu zake; droni inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga; na kivukoni Likoni walinzi hawana subira na kamera.

Ripoti ya kodi ya mwaka uliopita, kabla ya tarehe 30 Juni, hata kama hukupata kitu.

Bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024: asilimia 2.75 ya kipato, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi, na sisi tusio na mshahara hulipa ya mwaka kwa pamoja. Itoe katika malipo ya harusi ya kwanza.

Hatua ya 7: Zilinde picha na lenzi

Kila picha iwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae nje ya nyumba yako. Mimi niliikaidi kanuni hii hadi usiku mmoja diski ilipoanza kugonga ndani, tik, tik, tik, kama kucha juu ya bati, ikiwa na mahojiano ya wazee wawili. Mmoja nilirudi kwake. Wa pili alikuwa ameshazikwa.

Lenzi nazo huliwa na unyevu wa bahari. Mulika tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili: ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Zihifadhi katika kasha la plastiki lenye kifuniko cha kubana pamoja na vifuko vya silika, na uvibadilishe kila miongo sita.

Hatua ya 8: Maazimio mawili ya maisha, yaandikwe kama ya kazi

"Niwe karibu na familia" halina tarehe wala mahali. "Kila Ijumaa baada ya sala nitakula kwa mama, simu ikiwa imezimwa, hadi saa kumi" linapimika. Mama yangu kwa miaka mingi alikuwa akiniuliza, "Hizo filamu zako zitakulisha lini, baba?" Tangu nilipoanza kuishika Ijumaa hiyo haulizi tena; huniuliza filamu inahusu nini, na mara mbili amenirekebishia mazungumzo ya mswada, kwa kuwa waigizaji wangu walikuwa wakiongea Kiswahili cha taarifa ya habari.

La pili liwe la mwili. Mgongo wa mhariri huvunjika polepole. Chagua kitu kimoja kilicho njiani, mfano kutembea ufukweni Mama Ngina alfajiri mara tatu kwa wiki, na uishie hapo.

Hatua ya 9: Msomee shahidi kwa sauti

Usimchague mtengenezaji filamu mwenzako, kwa maana atakuelewa mno na atakusamehe. Wangu ni mzee mshona kanzu wa Majengo ambaye hajawahi kutazama filamu yangu hata moja. Kila mwongo ukiisha napita kwake, namwamkia, naye akishaitikia marahaba huinua macho juu ya miwani: "Haya, mwanangu, kurasa ngapi?" Sijapata kumdanganya zaidi ya mara moja.

Mambo yakikwama

*Aprili imefika na hujaanza.* Usisubiri Januari. Anza na Siku ya Mwaka ya wazee, ambayo wenzetu wa Makunduchi, Unguja, huiadhimisha Julai kwa Mwaka Kogwa. Hesabu miongo iliyobaki na upunguze filamu iwe ya dakika tano.

*Imekuja kazi kubwa katikati ya mwongo wa kupiga picha.* Ikiwa inalipa zaidi ya gharama zako za miezi miwili, ichukue, na siku hiyo hiyo waandikie waigizaji tarehe mpya. Ikiwa hailipi kiasi hicho, mpe mteja jina la mwenzako.

*Mteja hajamaliza kulipa.* Mpe nakala yenye alama ya maji, yaani jina lako likionekana juu ya picha, na ubaki na ile safi. Usimtangaze mitandaoni, mji huu ni mdogo, na harusi ijayo ni ya jamaa yake.

*Mwigizaji mkuu amejitoa.* Hili hutokea zaidi kwa wasiolipwa. Mwaka ujao tenga nauli na chakula kwanza, lenzi baadaye. Kwa sasa soma mswada upya: mara nyingi mhusika huyo anaweza kuwa mkubwa zaidi kwa umri, au awe mwanamke, bila hadithi kuharibika.

*Matamasha yote yameikataa.* Waite watu watatu wasiokujua, waonyeshe filamu, na wewe usitazame skrini, watazame wao. Andika dakika na sekunde ambayo kila mmoja anaigusa simu yake. Wawili wakiigusa mahali pamoja, hapo ndipo pa kukata.